Mizunguko Minne Kanengo

Ketsia alianguka saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu tarehe 3 Machi 2003, ndani ya ghala tupu la tumbaku huko Kanengo, Lilongwe, Malawi. Hakujikwaa. Hakuna aliyemgusa. Alikuwa kwenye mzunguko wa tatu kati ya minne, akiongoza, miguu yote miwili ikakakamaa kwa pamoja, akaenda kifudifudi kwenye saruji. Kocha Balagizi alipomwinua, magoti yaligongana, akaanguka tena.

Ghala la nini, mtauliza. Mashindano yalikuwa ya dunia, ya ndani ya ukumbi, huko Ulaya, na mita mia nane za ukumbini ni mizunguko minne mifupi yenye kona kali. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, walikoishi, ina vumbi, ukumbi haina. Mnada wa tumbaku ulikuwa bado kufunguliwa, mlinzi akawaonea huruma. Asubuhi ile Ketsia na Dévote, msichana wa Kirundi, walikuwa wakichujana. Mshindi ndiye angepanda ndege Jumatano.

Adhuhuri Balagizi alikuwa mahabusu. Alikutwa na vidonge vyekundu mfukoni, na aliyevimeza alikuwa amelazwa hospitali ya Lilongwe, miguu migumu kama mipini ya jembe. Sajini wa polisi alimwita Lwaboshi aje kutafsiri. Siku hizi Lwaboshi alikuwa fundi cherehani kambini, lakini kwao Bukavu, Kongo, kabla ya vita, alikuwa mpelelezi miaka kumi na moja, na ugonjwa wa kuulizauliza haukuwahi kumtoka.

"Papa Lwaboshi, mi niko mwalimu, siko mulozi," Balagizi alilia. "Ile ni dawa ya kuongeza damu. Na Dévote nilimupatia ile ile, mwezi muzima."

Sajini aliangalia saa. "Kesho saa nne namfikisha mahakamani kwa sumu. Ukipata la kunizuia, lilete."

Lwaboshi akaghadhibika. Mkimbizi mwenye kesi ya sumu, nani atamsikiliza? Alipitia hospitali kwanza. Daktari alikuwa na neno moja tu: vidonge haviwezi kufanya haya, tafuta alichokula.

Saa nane alikuwa Dzaleka. Midomo ya kambi ilikuwa imekwisha kumhukumu Dévote. Alimkuta anatwanga, macho mekundu.

"Bote banasema ni mimi," alisema. "Nilitaka kwenda, sikatai! Lakini maji tulikunywa chupa moja, dawa tulimeza moja. Angalia!" Akaruka ukuta wa tofali na kurudi, pekupeku, kwa hasira.

"Nimeona, mwanangu. Ketsia alikuwa analalamika?"

"Kichwa, wiki tatu. Alikuwa anafunga kula muchana juu ya maombi ya safari. Akila magaribi tu, dunia inamuzunguka."

"Akila nini?"

"Uliza mama yake mudogo. Mi sikulaka kwao."

Mama mdogo ni Véronique, Mama Olga, aliyemtoa Ketsia Fizi vita vilipomuua dada yake, mama wa Ketsia, akamlea pamoja na watoto wake wanne. Lwaboshi alifika kwake saa tisa na nusu. Mlangoni palibandikwa karatasi: usaili wa kwenda Kanada, Ijumaa tarehe 7, watu sita, asiyefika anafuta kesi ya wote. Mekoni palikuwa na sufuria kubwa, na pembeni yake nyingine ndogo.

"Mama Olga, pole sana. Ile ndogo ni ya nani?"

"Ya Ketsia. Batoto banakula mahindi ya rasheni. Yeye, mi namupikia bukari ya muhogo, ugali ya kwetu. Wiki tatu sasa. Mukimbiaji anahitaji nguvu."

"Ni ile mihogo mikali, yenye sumu usipoiloweka?"

"Mikali, njo, ya kununua soko ya Mtandire. Lakini naloweka siku ine, nabadilisha maji kila siku. Papa, we mutu wa muji utanifundisha muhogo? Mi mutu wa Fizi!"

Alicheka. Lwaboshi naye akacheka, akainuka, akachukua kipande kilichoanikwa juu ya bati. Akakivunja, akakinusa. Kikavu, cheupe, hakina harufu hata kidogo. Muhogo uliolowekwa siku nne unanuka hadi kwa jirani, hilo hata mtu wa mjini analijua. Kisha akatazama foleni ya madumu barabarani. Pampu ya mtaa ule ilikufa mapema Februari. Mwezi mzima kila nyumba ilipata dumu moja kwa siku, la kunywa, la kupika na la kuogea.

"Mama Olga," alisema polepole, "maji ya kuloweka ulitoa wapi?"

Véronique alifunika sufuria ndogo kwa kitenge.

Jumanne saa mbili asubuhi walisimama kando ya kitanda cha Ketsia: Lwaboshi, sajini, daktari, na Véronique.

"Nilitaka kichwa kimuzunguke tu," alisema. "Dévote amushinde, Ketsia abakie. Miaka ine tunangojea ile karatasi ya Kanada! Bakimbiaji bakifika Ulaya, banarudiaka? Wakati wa vita kule Fizi tulikula muhogo wa haraka, bila kuloweka, tukatapika, tukapona. Nilizania najua kipimo."

"Mulikula siku mbili, na ndakala, samaki ndogo za ziwa," Lwaboshi alimkatiza. "Kule ziwa lilikuwa linabalinda, Mama. Huyu alikula wiki tatu, anafunga, bila samaki, bila hata maharage."

Daktari alitikisa kichwa. Miguu ikikazwa na muhogo namna hii, alisema, hairudi.

Sajini akaandika Balagizi aachiliwe, akamshika Véronique mkono.

"Na Ijumaa?" Véronique aliuliza. "Batoto?"

"Batafika batano," alisema Lwaboshi. "Atakayekosa ni wewe, na ile karatasi inasema mumoja akikosa, bote banafutwa."

Hapo Ketsia akafungua macho. Alikuwa amesikia yote.

"Mama mudogo, ungenikataza tu. Siku gani nilikukatalia kitu?"

Véronique akaangua kilio, akanyoosha mkono aiguse miguu ile. Ketsia alitaka kuikunja amkwepe. Ikakataa. Akaketi, akaishika kwa mikono yake miwili, akaivuta mmoja mmoja hadi ukutani.