Jina Jekundu Kwenye Gunia

Mchele wa Gwamaka haununuliwi. Malori yamefika kijijini Ngonga, lakini wanunuzi wanapita mlangoni kwake kama wanaokwepa matope. Naomi, mkewe, amechoka kuwatazama.

Kisa chenyewe ni kutaka umaarufu. Mwaka jana Gwamaka aliandika jina lake kwa rangi nyekundu kwenye kila gunia, ajulikane mpaka Mbeya mjini. Lakini juu aliweka mchele wa Kyela unaonukia. Chini akajaza mchele wa zamani usio na harufu.

"Watu wana wivu, Mama Amon," alisema. "Jina langu limekuwa kubwa."

"Kubwa kweli, Baba Amon. Wakiliona tu wanakimbia. Usingeliandika, wangemlaumu hata jirani."

Bwana shamba Mwinjuma, mtu wa Tanga aliyesoma madrasa utotoni, alikuwa akipita. Naomi akamwita.

"Mweleze huyu umaarufu ni nini. Mimi koo limekauka."

Mwinjuma akaketi. "Neno maarufu tumelipata kwa Waarabu. Maana yake ni mwenye kujulikana. Ni ndugu wa neno maarifa, yaani mambo unayoyajua. Basi watu wakikujua, wewe ni maarufu. Lakini hata mwizi wa kuku anajulikana."

"Sasa nifute jina?"

"Ukilifuta watasema umejificha. Liache. Gunia moja, mchele wa aina moja, juu mpaka chini. Na mnunuzi akija, mpikie aonje kabla hajatoa hela."

"Nimpikie? Nimegeuka mama ntilie?"

"Utapika," alisema Naomi. "Kuni zipo."

Msimu uliofuata Gwamaka hakuchanganya hata kibaba. Alipika mwenyewe, uso ameukunja. Angetile, mfanyabiashara kutoka Mbeya, alinusa sufuria, akala, akaongeza.

"Huu ndio mchele," alisema. "Mwaka juzi ulinilisha nini, kaka?"

Gwamaka akaanza kumfungulia magunia. Angetile akamwaga kila gunia kwenye turubai, akakagua mpaka punje za mwisho. Kisha akanunua yote.

"Ndaga," Naomi akamshukuru.

Umaarufu ule wa kwanza uliwagharimu hivi: ng'ombe mmoja wa maziwa, aliyeuzwa ili Amon abaki shuleni. Magunia sita ya mchele mchanganyiko, waliyoyala wenyewe mpaka yakaisha. Wanunuzi watano wa Mbeya.

Angetile amerudi. Wanne bado.