Kikohozi Kabla ya Swali

Asubuhi ile Tokuji Hatanaka, kinyozi wa mtaa wetu huku Namerikawa, hakufungua duka. Alibandika mlangoni karatasi iliyosema amekwenda Osaka kumtazama binti yake akishindana kwenye televisheni. Kisha, kwa jinsi furaha ilivyomzidi, akasimama hapohapo nje na kumsomea karatasi hiyo kila aliyepita, hata waliojua kusoma kumshinda yeye.

"Baba, treni haimsubiri kinyozi," Kozue alimwambia, mkoba begani.

"Ngoja kwanza nimwambie muuza tofu."

"Muuza tofu umeshamwambia toka juzi."

"Alikuwa hajaamka vizuri. Leo ataelewa."

Kozue akacheka, akamrekebisha tai. Ilikuwa tai ya buluu aliyomnunulia mwenyewe, na mzee alikuwa ameifunga ovyo, kama anafunga mzigo wa kuni. Kozue ni mfanyakazi wa duka la dawa, hajaolewa, na duniani hakuwa na mtu mwingine ila huyo mzee. Mama yake alifariki Kozue akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Tokuji hakujua mtoto wa kike anafarijiwaje, basi akawa anamuuliza maswali. Jioni baada ya jioni, mteja akiwa kitini na povu mashavuni, mkasi unalia, kinyozi anauliza na binti anajibu. Hivyo ndivyo walivyolia msiba wao, na hivyo ndivyo walivyoumaliza.

Mzee alimtengenezea hata kitufe cha kubonyeza kabla ya kujibu, kama kile cha mashindano. Alichukua kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele, taa ya baiskeli, betri na vipande vya waya, akaviweka kwenye rafu chini ya kioo. Ukibonyeza, taa inawaka, na inabaki inawaka mpaka msomaji wa maswali aizime kwa swichi iliyo upande wake. Msomaji alikuwa Tokuji siku zote. Mwenyewe aliyebonyeza hana uwezo wa kuizima.

"Ukingoja swali liishe, umechelewa," alikuwa akimfundisha. "Kila swali lina fundo lake. Likifika hapo, jibu limebaki moja tu. Bonyeza! Kidole kitangulie, akili itafuata nyuma."

Kwa mafunzo hayo Kozue alipita michujo yote, na siku hiyo alikuwa anakwenda kwenye fainali ya chemsha bongo ambayo mzee aliitazama kila wiki akijipigapiga goti kwa kidole na kuwajibia washiriki. Ndani ya treni walikula wali wa kufinyangwa, wakaulizana maswali hadi abiria wa kiti cha mbele akaanza kujibu naye.

"Lakini leo ukijibu kwa sauti watakutoa nje," Kozue alimwonya.

"Nitajibu kimoyomoyo."

"Baba, wewe huna kimoyomoyo."

*

Kwenye chumba cha kupakwa poda, Kozue aliketishwa jirani na Mzee Oginuma, dereva mstaafu wa tramu kutoka Hiroshima, mshiriki mkongwe wa kipindi kile. Alikuwa mkimya, kichwa kimeng'aa kwa upara. Alimsubiri binti wa poda atoke. Mzee akamtazama Kozue kupitia kioo.

"Dada, una mtu kwenye viti leo?"

"Baba yangu."

Oginuma alifumba macho kidogo. "Basi nisikilize. Ukisikia kikohozi kabla ya swali, hilo swali liache. Usibonyeze."

"Kwani Bi. Sonobe ana mafua?" Bi. Sonobe ndiye msomaji wa maswali, mwanamke mwenye sauti safi ambayo nchi nzima inaijua.

"Anayekohoa si Bi. Sonobe. Ni mwanamume."

Kozue akacheka. Washindani hutishana, jambo la kawaida. "Mzee wangu, ungetaka nitetemeke ungeniambia umemeza kamusi nzima."

Oginuma hakucheka. "Mwaka juzi nilikisikia. Kisha sauti ikauliza. Mwanamke aliyezaliwa Kure, mwenye kovu kidevuni, anayekula tikiti maji kwa chumvi... Nikabonyeza. Nikajibu, Fumie Oginuma. Mke wangu. Nilidhani wameniandalia mzaha wa kunifurahisha. Nikaambiwa ni sahihi. Halafu, unajua utaratibu, ukipata jibu wanawamalizia watazamaji kipande cha swali kilichobaki."

"Kilisemaje?"

Mzee alijishika magoti. "Nilimzika wiki ileile."

"Sasa kwa nini umerudi?"

"Safari hii," alinong'ona, "nataka mimi nimuulize yeye, huyo anayekohoa."

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa. Ukumbini Kozue alimwona baba yake kwenye viti vya jamaa za washiriki, safu ya mbele, tai imeshapinda tena, anampungia mkono kama mtoto. Alitaka kwenda kumwambia. Amwambie nini? Kwamba babu mmoja mwenye upara amemtisha? Akaona atamharibia siku yake bure. Akasimama kwenye meza yake.

Mashindano yalianza vizuri. Walikuwa watatu: Kozue, Oginuma, na mwanachuo mmoja aitwaye Itsuki, kijana mwenye kidole chepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Dada, usinionee huruma," kijana alimtania taa zilipowashwa.

"Sina hata ya kukukopesha."

Bi. Sonobe akasoma, "Mlima mrefu kuliko yote nchini Japani ni Fuji, je, wa—"

Taa ya Kozue ikawaka. "Kita!"

Kengele ya jibu sahihi ikalia. "—wa pili kwa urefu ni upi?" Bi. Sonobe akamalizia, akitabasamu. Kule safu ya mbele Tokuji alikuwa amejipiga goti kabla ya binti yake. Alimwonyesha kidole Kozue, akajionyesha mwenyewe, akacheka bila sauti. Nimekushinda.

Maswali yakaenda, wakafukuzana. Mzee Oginuma akaachwa nyuma. Kozue na Itsuki wakabaki sawasawa, na mtangazaji akasema atakayepata jibu moja zaidi ndiye bingwa. Bi. Sonobe akainama kuchukua kadi.

Mtu akakohoa.

Kikohozi kikavu. Cha mwanamume. Kilitoka kwenye vipaza sauti, karibu sana, kama mtu aliyeweka mdomo kwenye sikio lako.

Kozue alimtazama Bi. Sonobe. Alikuwa bado ameinama. Midomo yake imefungwa.

"Alizaliwa Namerikawa," sauti ikasema, "mtoto wa muuza ngisi."

Kozue aliona kidole chake kinashuka. Alikiona kama cha mtu mwingine. Akakidaka kwa mkono wa kushoto, akaivuta mikono yote miwili nyuma ya mgongo, akaibana kwa nguvu zake zote. Kidole kilikuwa kinapapatika ndani ya kiganja.

"Amekata nywele za watu maisha yake yote."

Akamgeukia Itsuki. Huyu kijana atabonyeza. Lazima atabonyeza. "Itsuki, usibonyeze," alinong'ona. "Nakuomba. Nakuomba sana."

Itsuki alimtazama kwa mshangao. "Nibonyeze nini, dada? Mbona swali halijaanza?"

Hasikii. Mtangazaji naye alikuwa anapanga karatasi zake. Mpiga picha anapiga miayo. Hakuna aliyekuwa anasikia, isipokuwa Oginuma, ambaye alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, uso umekuwa mweupe, mdomo wazi, na swali lake alilolibeba muda wote huo halitoki.

Kozue akapumua. Basi. Itsuki hasikii. Oginuma hawezi kujibu. Yeye mwenyewe hajibu ng'o. Swali litaisha, litapita, baba atarudi nyumbani.

"Mke wake alipokufa, hakujua kumfariji mtoto."

Machozi yakamtoka. Akamtafuta baba yake kwa macho.

Tokuji alikuwa ameketi wima. Kichwa amekiinamisha upande mmoja. Hivyo ndivyo alivyokaa siku zote swali likisomwa.

Anasikia.

Kozue akatikisa kichwa. Usijibu. Akafungua mdomo apige kelele na sauti haikuja, ikaja pumzi tu. Miguu haikusogea. Akatikisa tena kichwa, kwa nguvu, machozi yanamwagika juu ya poda, midomo inasema usijibu, baba, usijibu.

Na mzee akamwona. Aliona binti yake amekwama. Aliona mikono imefichwa nyuma, kichwa kinatikisika, midomo inahangaika. Maskini, hajui. Swali la ubingwa, na hajui.

"Alimfundisha binti yake kubonyeza kabla ya kufikiri..."

Uso wa Tokuji ukachanua. Fundo limefika. Maisha yake yote hakuwahi kumnong'oneza mtu jibu, alisema ni wizi. Lakini huyu ni Kozue. Akajipiga goti kwa kidole, akajielekeza mbele kwenye kiti, akamtazama machoni ili asome midomo yake vizuri.

"Ni mimi," alinong'ona. "Mwanangu, ni mimi."

Kengele ya jibu sahihi ikalia.

"Sahihi," sauti ikasema, kwa upole. "...na leo hatatoka na binti yake mlangoni. Ni nani?"

Bi. Sonobe akainuka na kadi yake, akaanza kusoma. Itsuki akabonyeza, akapata. Makaratasi ya rangi yakamwagika kutoka darini, watu wakashangilia, muziki ukapigwa. Safu ya mbele mzee mmoja wa tai ya buluu alibaki ameinamia mbele, anatabasamu, kidole chake kimekandamiza goti. Waliompita walidhani amesinzia.

Kozue alipofika, mikono ya baba yake ilikuwa bado ya moto. Hicho ndicho kilichomuumiza kuliko yote. Daktari alisema ni moyo, umri, na furaha iliyozidi. Oginuma alikuja akapiga magoti kando yake.

"Ulibonyeza?" alinong'ona.

"Sikubonyeza. Sikubonyeza, mzee wangu!"

"Kumbe wanaokaa kwenye viti nao..." Hakumaliza. Alilia kwa uchungu mbele za watu, mzee mzima. "Sikujua, mwanangu. Ningejua ningekwambia."

*

Walioandaa maiti walijitahidi kukinyoosha kile kidole, wakashindwa. Mwili wa Tokuji Hatanaka ulichomwa, kama ilivyo desturi yetu, kidole chake kikiwa kimekunjwa. Mtaa mzima tulikwenda. Muuza tofu alisimama mbele ya ile karatasi mlangoni akaisoma kwa sauti, akashindwa kufika mwisho.

Baada ya mazishi Kozue aliingia dukani peke yake kuchukua mkasi wa baba yake. Ilikuwa mchana, mapazia yameshushwa. Hakuwasha taa. Hakuhitaji. Kulikuwa na mwanga mdogo wa manjano unaotoka kwenye rafu, chini ya kioo.

Taa ya baiskeli ilikuwa inawaka.

Alifungua kijisanduku cha betri. Kitupu, kutu tu. Alivuta waya, ukatoka mkononi mwake. Taa ikaendelea kuwaka. Ndipo akazunguka upande wa pili, upande wa msomaji, alikosimama baba yake miaka yote, akatafuta swichi kwa kupapasa. Akaizima. Taa ikabaki inawaka, akaizima tena. Akakaa chini sakafuni, akiibofya na kuibofya, akilia, akimwita.

Duka halijafunguliwa mpaka leo. Kozue bado anakaa pale ghorofani, juu ya duka, na wewe ukianza kumuuliza jambo lolote, hata bei ya dawa ya kichwa, atakuomba umalize kwanza. Jioni tukipita mlangoni tunauona ule mwanga nyuma ya pazia. Mzee aliyebonyeza bado anangoja. Na msomaji wa kumzimia taa, yule mwenye kikohozi, popote alipo, hajamruhusu kuondoka.