Mume Wangu Alikiuza Kinyago cha Ukoo Wetu

Nina miaka thelathini na sita. Ninaishi peke yangu karibu na Kashuga, katika chumba cha uani alichonipa mama mmoja wa kanisa kwa huruma. Nilikuwa na mume, nilikuwa na ndugu... Leo sijui hata nani atanizika.

Nilizaliwa Walikale. Baba yangu alikuwa mtunzaji wa kinyago cha ukoo, uso wa udongo uliochomwa, wa tangu zamani sana, uliotolewa siku za jando tu. Sisi wanawake tulikatazwa kuutazama. Vita ya Wazungu ilipokwisha, wahubiri walianza kupita vijijini wakikusanya vitu vya namna hiyo na kuvichoma. Baba akaogopa. Akamwita mume wangu Petro, maana tulikuwa tumehamia Nyabiondo, ambako hakuna mtu angekitafuta.

"Mukwe wangu, unifichie hii," alimwambia. "Siku nitakuita, uilete."

Nilikibeba mimi mwenyewe mgongoni, kimefungwa kwa majani ya migomba na mkeka. Sikukifungua. Petro akakiweka darini.

Petro alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa, mtu aliyependa sana vitu vya kale. Jioni moja alirudi na baiskeli mpya. Nilipomuuliza, alisema bwana wake ameridhika na kazi yake. Nilifurahi pamoja naye, nikapanda nyuma tukaenda kanisani. Ningejuaje?

Kisha kaka yangu Musafiri akafika kutoka Walikale. Baba alikuwa mgonjwa sana, akataka kukabidhi kinyago kwa mrithi wake angali hai.

Petro alipanda darini, akakaa huko kitambo. Aliposhuka, alininyooshea kidole.

"Muulize dada yako. Ni yeye njo aliifungua. Aliona ile sura, akaogopa, akaivunja, akatupa mu mutoni."

Nilimwambia kaka kwamba ni uongo, nikamshika miguu. Alinisukuma.

"Wewe hauko dada yangu tena," akasema, akaondoka.

Usiku nikaikumbuka ile baiskeli mpya, na asubuhi nilikimbilia kwa yule Mzungu. Mke wake alinijibu kwa utulivu kabisa: ndiyo, walikinunua kwa mpishi, aliyesema ni chake, na tayari kimepelekwa Ulaya kuuzwa. Nilipiga magoti kwenye saruji nikilia. Yule mama akaagiza nipewe mkate.

Nilitembea hadi Walikale nimwambie Baba ukweli. Ndugu zangu walinizuia uani. Nikapaza sauti nikieleza yote, huku nikimsikia Baba akikohoa ndani... Je, alinisikia? Sijui mpaka leo. Alikufa, na sikuruhusiwa kumwaga hata udongo kaburini.

Niliporudi Nyabiondo, Petro alinifungia mlango. Alisema hawezi kuishi na mwanamke aliyelaaniwa. Sasa ana mke mwingine.

Wazazi, mkiweka kitu cha ukoo kwa mtu, waiteni watoto wenu wote, wa kiume na wa kike, wasikie. Nanyi dada zangu, msifuate njia yangu. Mimi niliridhika na jibu la kwanza nikidhani ndiyo heshima. Ulizeni kila kinachoingia na kutoka nyumbani mwenu, hata waume zenu wakiwakasirikia. Na kama mna neno la kumwambia baba yenu, nendeni leo, wakati bado anaweza kuwajibu.