Mashine ya Saba

Jumanne hiyo ya mwaka wa tisini na nane ilianza vizuri tu. Kavoi, fundi wa kompyuta aliyekuwa amepanga nasi ploti moja pale Riruta, alikunywa chai, akabeba mkoba wake, akatembea hadi kliniki moja ya Kawangware. Joan, meneja wa pale, alikuwa amemwita. Kompyuta zilikuwa zikikwama kila mara zikitafuta faili za wagonjwa kwenye seva, ile mashine kubwa ya Unix iliyokaa chumba cha nyuma.

"Ni ile shida ya mwaka jana," Joan alisema bila kumwangalia usoni.

Mwaka jana Kavoi hakuchunguza. Alikuwa na haraka, akaandika kwenye ripoti kwamba karani Nabalayo amechezea waya. Nabalayo akafutwa kazi siku hiyo hiyo. Mvua ya Aprili ikamkuta chumbani kwake katika mtaa wa Raila, kifua kimembana, hana wa kumtibu. Alizikwa Bungoma.

Kavoi akaketi mbele ya seva, akapiga ping, salamu ambayo mashine hutuma kwa nyingine kujua kama iko hai. Kompyuta ya kwanza ilijibu kwa kusitasita. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya saba ilijibu kila salamu, bila kukosa hata moja.

"Ya saba iko wapi siku hizi?"

"Store. Si ndiyo ile ya Nabalayo, uliyoitoa wewe mwenyewe?"

Wakaenda kuangalia. Ilikuwa pale, imejaa vumbi. Haina waya wa stima. Haina waya wa network.

Kavoi akarudi, akaiuliza seva ni akina nani wanaoitumia. Majina mawili yakatokea. Lake, na *nabalayo*. Huyo alikuwa ameingia saa mbili kamili asubuhi hiyo.

Akaufuata waya wa network ukutani. Nyuma ya kabati la dawa akaukuta umekatika kwa ndani, kutu ya kijani imeula. Kutu ya miaka. Hakuna mtu aliyeuchezea.

"Hakuwa yeye," akanong'ona.

Joan akafunga mlango. "Kavoi, tafadhali. Watu wa Nabalayo watatujia na chifu. Andika tu mashine zimezeeka."

Kavoi alikuwa na watoto watatu, na kliniki ndiyo iliyompa kazi nyingi. Akabadilisha waya. Kompyuta zote zikajibu; ya saba ikanyamaza. Akaandika alivyoambiwa. Akatia sahihi.

Skrini ya seva ikaanza kujaa mistari ya majibu.

Ya saba. Ya saba. Ya saba.

Akachomoa waya wa network. Majibu hayakukoma. Akazima seva. Mistari ikazidi kushuka. Kutoka store ikasikika sauti ya vidole juu ya vibonye, haraka haraka, kama vya mtu aliyelimbikiza kazi.

"Nani huko?" Joan akauliza kwa sauti ndogo.

Vidole vikatulia.

Kavoi hakugusa kompyuta tena maishani. Joan naye aliipaka store rangi mara tatu. Ukuta wote ulikauka isipokuwa sehemu moja mbele ya ile mashine ya saba, upana wa mgongo wa mwanamke aliyeketi. Hadi kliniki ilipohama, ukigusa pale, kidole kilitoka na rangi mbichi.