Kamera ya Mzee Mnadi

Mwako wa kamera ulimpiga dobi usoni katikati ya msongamano, saa saba mchana, ndani ya jengo la maduka ya simu na redio ambamo watu hupita bega kwa bega. Alisimama palepale. Alikuwa na gauni la buluu la kazini, limenyooka kama karatasi, kwani kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka kubwa la dobi.

"Wewe! Nani kakupa ruhusa ya kunipiga picha?"

"Samahani, dada," alijibu fundi wa kamera kutoka nyuma ya meza yake ya kioo. "Nilikuwa naijaribu. Nimelenga ukuta, wewe ukaingia."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Kosa ni la ukuta. Umekaa hapo miaka yote na haujawahi kupendeza hivi."

Dobi aliuma mdomo asicheke. "Ifute."

"Ifute mwenyewe. Bonyeza hapo penye alama ya kapu la taka."

Aliipokea. Kilikuwa kitu kidogo, kimeenea kiganjani kama kipande cha sabuni, na vitufe vyake vilikuwa vitufe kweli, vya kubonyeza. Akasahau kufuta. Akauliza, kwa sauti iliyobadilika ghafla, "Mtu wa mkono mmoja anaweza kuitumia hii?"

Mtu huyo alikuwa baba yake. Mzee alikuwa mnadi, na kwa miaka thelathini sauti yake ndiyo iliyouza makabati, mbuzi na magari mabovu. Kisha kiharusi kikamnyang'anya mkono wa kulia na ulimi. Hata "ndiyo" na "siyo" zilimchanganyikia: angetikisa kichwa kukataa chai, kikombe kikiondolewa analia. Dobi alimjaribisha simu ili amwonyeshe picha za vitu anavyotaka, lakini kila kidole cha mzee kilipoteleza kilifungua mambo kumi yasiyoitwa.

Jumapili fundi alikuja nyumbani na ile kamera, shati la kijani, viatu vinang'aa.

"Nani kakupigia pasi shati hili?" Dobi alimnong'oneza mlangoni. "Mkono mmoja una mikunjo miwili!"

"Mmoja wa kwangu, mmoja nimekuletea wewe."

Shida ilionekana mara moja. Kitufe cha kupigia kilikuwa upande wa kulia, na mkono wa kulia wa mzee ulikuwa mfu. Fundi alikaa sakafuni akaigeuza kamera huku na huku. Kisha akaipindua juu chini na kuiweka kwenye kiganja cha kushoto cha mzee, kamba ikiwa imefungwa kwenye kifundo cha mkono.

"Sasa kidole gumba kibonyeze kutoka chini, mzee. Nusu kwanza. Ngoja kisanduku cha kijani. Haya, malizia!"

Ikalia. Kwenye kioo kikaonekana kikombe, wima kama kilivyo, kwa sababu kamera ilipinduliwa wakati wa kupiga na wakati wa kutazama vilevile. Mzee alikitazama, akamtazama binti yake, akamnyooshea kamera.

"Chai?" Dobi alisema. "Baba, unataka chai?"

Alikwenda jikoni akalia ndani ya mvuke wa birika.

Tangu siku hiyo mzee alizungumza. Mlango wa choo ulikuwa choo. Dirisha lilikuwa jua. Akifunika lenzi kwa shuka na kupiga, picha ikitoka nyeusi tii, hiyo ilikuwa "sitaki", na aliisema mara nyingi, mara nyingine kwa kurudi kwenye picha ya zamani. Nao wawili, dobi na fundi, walikuwa na mazungumzo yao kwenye simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Wewe umeuza?"

"Nitauza nini, na akili yote iko kwenye pasi yako?"

"Angalia isiungue."

Miezi minne ilipita hivyo. Siku moja kamera ikaandika kwamba kadi imejaa, na dobi akaipitisha kwa fundi alipokuwa akienda kazini. Fundi aliichomeka kwenye kompyuta. Akaona picha mia kadhaa zilizopinduka, zenye ukungu, nyingine nyeusi kabisa, vikombe arobaini vilevile. Alikuwa mtu wa kupenda picha safi. Akazichagua zile nzuri chache, akazihamishia kwenye kadi mpya, akazifuta zilizobaki kwenye ile ya zamani, akafurahi kwamba amemfanyia mzee wema.

Jioni mzee alianza kutafuta. Alibonyeza mbele, akabonyeza nyuma. Alitafuta mlango wake, dirisha lake, weusi wake. Alitafuta siku ya pili kutwa nzima, jasho likimtoka, kisha akaibamiza kamera ukutani, akageukia upande wa pili na kukataa kula.

"Umefanya nini?" Dobi alipiga kelele kwenye simu.

"Nilifuta zile mbovu tu, mpenzi. Atapiga nyingine..."

"Zile mbovu ndiyo maneno yake! Na hajui kama ni wewe! Anadhani ni kichwa chake kimefutika, unanielewa? Baba anadhani amebakiwa na kichwa kitupu! Nami kila nikimweleza, anafumba macho."

"Naja sasa hivi."

"Usije. Usinipigie tena."

Alipiga. Fundi alipiga asubuhi, akapiga mchana, akapiga wakati dobi akiwa amesimama mbele ya rundo la mashuka ya hoteli, simu ikitetemeka mfukoni na yeye anasukuma pasi haoni anachonyoosha. Nyumbani mzee alimeza vijiko viwili vya uji kwa siku. Kaka yake dobi, anayeishi mji mwingine mwendo wa siku nzima, alifika Alhamisi na kumkuta baba amegeukia ukuta, mgongo tu ndio unaoonekana.

"Mdogo wangu, unatoka alfajiri, unarudi jioni. Mke wangu ni muuguzi, yuko nyumbani. Jumamosi naondoka na baba."

"Hutamwelewa, kaka! Mimi peke yangu ndiye ninayemwelewa."

"Sasa anakwambia nini?"

Ijumaa asubuhi ujumbe wa fundi ukaingia: *Sijalala siku nne. Nimezirudisha mia mbili na kumi kati ya nilizofuta. Niruhusu nimpelekee, kisha nitaondoka.* Dobi aliusoma mara tatu. Akapiga mwenyewe, na alichoweza kusema ni, "Njoo. Anakufa mikononi mwangu."

Fundi alifika amekonda, ndevu hazijanyolewa, shati lilelile la jana. Ile kamera ya mzee, iliyochubuka pembe lakini bado inawaka, ikawekewa ile kadi ya zamani. Hakumpa kwanza. Alipiga magoti upande wa ukuta, pale macho ya mzee yalipokuwa.

"Mzee, si wewe. Ni mimi. Nilizifuta kwa mkono wangu huu, kwa ujinga wangu. Kichwa chako ni kizima."

Mzee alimkazia macho. Kisha mkono wa kushoto ukainuka ukamchapa kofi. Halafu ukafunguka, ukingoja kamera.

Alizitazama zote kwa saa nzima. Jioni alikula. Dobi alimshika fundi kiwiko jikoni, akakiacha, akakishika tena.

Jumamosi gari lilikuwa mlangoni. Dobi alisimama mbele ya begi la baba yake. "Kaka, amepona. Anasema. Muulize! Baba, mwambie hutaki. Piga nyeusi, baba."

Mzee hakufunika lenzi. Alirudi nyuma kwenye picha zake, akasimama kwenye moja, akamwonyesha binti yake. Alikuwa dobi mwenyewe, amelala mezani kwa nguo za kazi, viatu miguuni. Akabonyeza. Yeye tena, amelala amesimama, kichwa ukutani. Tena. Tena. Miezi minne ya uchovu wake, yenye ukungu. Kisha mzee akaelekeza kamera kwenye begi, akangoja, akapiga.

"Hapana," dobi alisema. "Hapana, baba. Sijachoka. Nani kasema nimechoka?"

Akaipiga picha ya begi mara ya pili.

Walimwingiza garini. Dobi alishikilia dirisha, maneno yakimtoka mbiombio. "Kaka, ipindue, usisahau. Betri uichaji kila jioni. Usifute kitu, hata iwe mbaya vipi. Kadi ikijaa, nunua nyingine. Kaka, umesikia?"

"Nimesikia, mdogo wangu."

Gari liliondoka. Alibaki barabarani, mikono hewani kama mtu aliyekuwa amebeba kitu kizito na amesahau kuishusha. Fundi alisimama hatua mbili nyuma yake, haogopi kusubiri.

"Nimekusamehe," dobi alisema bila kugeuka. "Lakini leo usiniambie neno lolote zuri. Sitaliweza."

"Sisemi."

"Na usiondoke."

"Siondoki."

Akageuka, akaingia ndani kumtandulia baba yake kitanda, na fundi akashika upande wa pili wa shuka.