Kifungu Kilichopigiwa Makofi

Kila asubuhi Chiriku alipiga pasi sketi yake huku babu akigombana na redio. Mtaa mzima walimwita babu huyo Mjumbe, kwa kuwa enzi za ujana wake alikaa katika baraza lililotunga katiba ya nchi. Tangu hapo hakukubali kushindwa hata na msoma habari.

"Tulibishana mpaka mwenzetu aliyeingia ukumbini hana hata unywele kidevuni akatoka anatafuta chanuo la ndevu," alipenda kusema.

"Babu nawe! Jana ulisema ni masharubu."

"Masharubu yalikuwa ya yule mwingine."

Lakini wiki ile Chiriku hakuwa na nafasi ya ndevu za mtu. Ukuta uliotenganisha shule mbili za msingi, Shule ya Juu na Shule ya Chini, ulikuwa umebomolewa, na shule hizo zikawa moja. Mwalimu mkuu aliwataka wanafunzi watunge katiba yao. Wakishindwa kuelewana, angeandika yeye, na hakuna ambaye angeulizwa neno. Chiriku aliongoza wajumbe wa Chini, na ndiye angeisoma mbele ya wazazi siku ya Ijumaa.

Alhamisi walikutana katika chumba kilichonuka rangi mbichi. Wajumbe wa Juu waliongozwa na mvulana aliyeitwa Wakili, kwa jinsi alivyopenda kutetea hata wasiomtuma.

"Chini tuko wengi," Chiriku alianza. "Viti vya baraza la wanafunzi vigawanywe kwa idadi."

"Ili mtumeze wazima?" Wakili aliruka. "Nusu kwa nusu! La sivyo tunajenga upya ule ukuta. Matofali si yale pale nje?"

Walivutana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe viti vikawa nusu kwa nusu, lakini kiranja mkuu achaguliwe kwa kura za wote. Kila upande ulinuna kidogo. Likabaki jambo moja: nani asafishe vyoo na kubeba maji?

"Si sisi," walisema wa Chini.

"Wala sisi," wakadakia wa Juu.

Wakili akakuna kichwa. "Wapewe darasa la kwanza."

Mara makofi! Darasa la kwanza hawakuwa na mjumbe mle ndani, kwa hiyo hakuna aliyenuna. Chiriku alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Jioni alimsomea babu katiba yote, kifua mbele. Babu aliitikia kwa kichwa, hadi zamu ya vyoo ilipofika.

"Hiki mlikibishania sana?"

"Hata kidogo! Tulikipigia makofi."

Babu akazima redio. Chiriku akashtuka, maana redio ile haikuzimwa hata kwa ngurumo. Uani, Punje, mdogo wake wa darasa la kwanza, alikuwa akiburuta ndoo kwa mikono miwili, nguo imelowa mpaka kifuani.

"Na huyu alikaa kiti gani?" babu aliuliza.

Chiriku aliikunja katiba polepole.

"Vifungu tulivyotia saini kwa kununa vimesimama hadi leo," babu alisema, safari hii bila mzaha. "Kilichowaliza watu ni kile kilichopita bila ubishi. Kiliwanyima vibarua kura, kwa sababu ukumbini hapakuwa na kibarua. Bibi yako alikuwa mmoja wao."

"Lakini babu, nikikigusa sasa, Wakili atavunja yote. Kesho sitasoma chochote."

"Huenda," babu alisema, akawasha tena redio.

Asubuhi Chiriku aliwakusanya wajumbe kando ya rundo la matofali. Punje alisimama pembeni yake, ameshika ndoo.

"Kifungu cha vyoo tukibadilishe."

"Wazazi hao wanaingia getini!" Wakili alifoka. "Unataka kutuaibisha?"

"Wakili, wewe hutetea hata wasiokutuma. Hebu mtetee huyu."

Wakili alimtazama Punje, akatazama ndoo iliyomfika kiunoni. Akashusha pumzi.

"Basi iwe zamu kwa madarasa yote makubwa. Ila muanze Chini. Si mko wengi?"

Ulimi wa Chiriku ulikuwa tayari kujibu. Akauzuia. "Haya, tutaanza. Na darasa la kwanza wapate kiti."

Wakakubali kwa manung'uniko. Hakuna aliyepiga makofi.

Baada ya kuisoma jukwaani, Chiriku alimwendea babu. "Wote wamenuna, babu."

"Vizuri sana. Ukitaka kupatana na mwenzako, toa kilicho chako. Usitoe cha mtu asiyekuwepo. Na mkijikuta nyote mnacheka, chungulieni nje ya mlango mjue nani analia." Kisha macho yakamcheka. "Sisi tulinuna mpaka taa za ukumbi zikazimika."

"Babu nawe!"

Jumatatu iliyofuata Chiriku aliinama chooni na fagio lake, jasho likimtiririka. Mjumbe mpya wa darasa la kwanza akapita na kusimama mlangoni, mikono nyuma.

"Dada," Punje alisema, "kona ile umeiruka."