Msumeno wa Jua

Kila asubuhi, kabla ya kula mkate wake wa shayiri, msichana Taribatu alikwenda mferejini, nje kidogo ya mji wa Sipari. Alifungua mlango wa maji, akanywesha vitunguu vya baba yake, kisha akauziba kwa udongo. Kazi hiyo alikuwa ameizoea mno, na mazoea yana taabu. Siku moja ngoma za harusi zililia mjini, naye akauacha mlango wazi, akijiambia kuwa atachungulia tu. Aliporudi jioni, ufuta wa jirani yao, mjane Belesunu, ulikuwa umezama. Taribatu aliziba maji, akaenda nyumbani, akanyamaza.

Belesunu alimshtaki jirani mwingine, Mzee Idini, kwa kuwa mlango wa maji wa mzee huyo pia ulielekea shamba la mjane. Sheria ya mfalme ilichongwa kwenye jiwe, na kila mtu aliijua. Aliyezembea kuutunza mfereji wake akazamisha shamba la mwenzake atalipa nafaka. Asipokuwa nayo, atauzwa yeye na mali yake. Mzee Idini hakuwa na nafaka.

Shahidi hakupatikana, basi mahakimu wakaagiza msumeno wa shaba wa mungu Jua utolewe hekaluni, ili mzee aushike na kuapa. Kuhani aliusimamisha kwenye tope, katikati ya ufuta uliooza. Jua huona yote, aliwaonya, na mwenye kuapa uongo hatasalimika.

"Apa, mzee," hakimu mmoja alisema. "Sema uliufunga mlango wako, uende zako."

Mzee Idini alinyoosha mkono, ukatetemeka, akaurudisha. "Nadhani niliufunga, bwana. Lakini uzee huu, nasahau. Siwezi kumwapia Jua kwa kudhani."

Watu waliguna. Kijana mmoja alimdhihaki, akamuuliza kama leo amemeza ulimi. Kwa desturi yao, aliyekataa kuapa alikuwa ameshindwa kesi.

Taribatu alisimama nyuma ya baba yake, uso ukimwaka kwa aibu. Mzee asiye na kosa aliogopa kusema hata neno asilo na hakika nalo, na yeye mwenye kosa alikuwa akila na kulala siku zote hizo. Alishindwa hata kuutazama ule msumeno.

"Ni mimi," alisema huku akilia. "Niliuacha wazi nikaenda harusini. Baba hajui."

Baba yake aliinamisha kichwa. Alipokiinua, alimwambia hakimu kwamba atalipa shayiri yote, hata ikibidi kumuuza punda wao. Hakumgombeza bintiye, na hilo lilimuumiza Taribatu kuliko fimbo.

Watu walipotawanyika, Taribatu alimpigia magoti Mzee Idini, akamwomba radhi. Mzee alimwinua.

"Mwanangu, mfalme ana jiwe lake na Jua ana msumeno wake," alimwambia. "Vyote tunavyo, na bado ningeuzwa. Sheria peke yake haisemi kweli. Husubiri mtu aiseme. Wewe umeisema, nami nimekusamehe. Ila siku nyingine, mwanangu, usingoje mpaka mkono wa mzee utetemeke."